Risala ni ya Kujibiwa

Mkuu wa shule anapokuita ofisini akakwambia uandike risala ya wahitimu, au wenzako wa VICOBA wanapokuteua umsomee mkuu wa wilaya siku ya mgao, umepewa kazi yenye masharti yake. Utasema kwa niaba ya kundi zima. Utamwelekea mtu mmoja, mgeni rasmi, hata kama uwanja umejaa watu elfu. Na mtu huyo anatarajiwa kukujibu papo hapo, kwenye hotuba yake. Mwandishi akiyashika masharti haya matatu, mengi mengine hujipanga yenyewe.

Nayasema haya kwa mkazo kwa sababu risala nyingi zinazosomwa kwenye sherehe zetu zimeyaacha njiani. Zinaanza na salamu za ukurasa mzima, zinapita kwenye historia ya shule tangu kuwekwa jiwe la msingi, zinataja changamoto kumi na mbili kwa pumzi moja, kisha zinamshukuru mgeni rasmi kwa kuacha majukumu yake mazito. Mgeni anapiga makofi, anasimama, anatoa hotuba aliyokuja nayo mfukoni. Watoto wanabaki na madawati yao mabovu. Si kila siku kijiji kinampata mkuu wa wilaya au mbunge ameketi, ametulia, na kipaza sauti kiko mikononi mwa wananchi.

Neno lenyewe na majirani zake

Risala ni neno lililotoka Kiarabu, na asili yake ni ujumbe unaopelekwa kwa mtu, au barua. Maana hiyo ya kale ingali hai kabisa nchini Kenya. Ukisikiliza taarifa ya habari ya Nairobi utaambiwa kiongozi fulani ametuma risala za rambirambi kwa familia ya marehemu, au risala za heri njema kwa timu inayokwenda mashindanoni. Hapo hakuna aliyesimama jukwaani kusoma kitu. Ujumbe umepelekwa, basi. Dar es Salaam tungesema salamu za rambirambi. Matumizi yote mawili ni sahihi, na anayeandika kwa ajili ya wasomaji wa pande zote mbili za mpaka hana budi kuyajua. Mtahiniwa wa karatasi ya Insha ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, naye asishangae kuliona neno hili likimtaka atoe pole au pongezi badala ya kumsomea mgeni mahitaji ya shule.

Tanzania, maana iliyoshika zaidi ni ile ya maandishi yanayosomwa kwa mgeni rasmi kwa niaba ya kundi. Hata hivyo maana ya kale haijatoweka. Tazama mbio za Mwenge wa Uhuru, ule ambao Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha kileleni Kilimanjaro mwezi Desemba 1961. Mwenge unapofika wilayani husomwa risala ya utii, na risala hiyo humwelekea Rais moja kwa moja, ingawa hayupo uwanjani. Kiongozi wa mbio huipokea ili aifikishe. Ni ujumbe uliofungiwa safari, sawa na barua.

Hotuba ni mali ya msemaji. Mtu anatoa hotuba, au anahutubia mkutano, anahutubia wananchi, anahutubia taifa. Nafsi yake ni "mimi", na hawajibiki kwa kundi kwa kila neno alilotamka. Risala husomwa. Ukisema fulani ametoa risala, utaeleweka, lakini "amesoma risala" ndiyo kauli iliyozoeleka, na ndani yake mna jambo la maana: maneno yaliandikwa na kukubaliwa kabla, na msomaji hana ruhusa ya kuongeza yake. Ndiyo maana nafsi ya risala ni "sisi". Kijana anayesoma risala ya wahitimu akaanza kueleza "mimi binafsi nimesoma hapa kwa shida" amekwishatoka kwenye risala na kuingia kwenye ushuhuda.

Mhadhara ni wa kufundisha, na mwenye kuutoa ni mhadhiri. Khutba ya Ijumaa ina kanuni zake za ibada, na waandishi wengi huiandika hivyo, kwa kh, ili kuitenga na hotuba ya siasa. Mawaidha na mahubiri ni ya kuonya na kujenga imani. Tamko nalo linataka kuangaliwa vizuri, maana vikundi vingi huchanganya: tamko hutangaza msimamo kwa umma wote na halisubiri jibu la mtu aliyeketi meza kuu. Kama wafugaji wanataka nchi nzima ijue wanapinga jambo, waandike tamko. Kama wanataka mkuu wa mkoa awachimbie lambo, waandike risala.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni Mei Mosi. Kila mwaka kwenye maadhimisho ya kitaifa, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TUCTA, humsomea Rais risala ya wafanyakazi, kisha Rais hujibu kwa hotuba. Kima cha chini cha mshahara ni jambo ambalo risala hizo zimelibeba miaka nenda miaka rudi. Tarehe 1 Mei 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini kwa watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai mwaka huo. Maamuzi ya ukubwa huo hayazaliwi kwa risala ya asubuhi moja, yana mazungumzo na hesabu za bajeti nyuma yake. Lakini wafanyakazi waliokaa juani siku ile walijua wanasubiri nini kwenye hotuba, kwa kuwa ombi lao lilikuwa wazi.

Moyo wake ni ombi

Muundo wa risala wengi wanaujua tangu darasani. Kichwa kiseme risala ni ya nani, inasomwa kwa nani, katika shughuli gani, wapi na lini. Hufuata salamu na ukaribisho, kisha maelezo mafupi ya kundi, mafanikio, changamoto, maombi, shukrani, na mwishoni jina la kundi lililoandaa. Mpangilio huu haujakosea. Tatizo liko kwenye uzani. Tumezoea kujaza historia na shukrani, halafu maombi yakapewa mistari mitatu ya mwisho wakati watu wameanza kuangalia sufuria za pilau. Kwa maoni yangu nusu ya risala iwe changamoto na maombi, na viwili hivyo viandikwe vikiwa vimeshikana: kila changamoto na ombi lake hapo hapo. Changamoto isiyo na ombi ni malalamiko, nayo humweka mgeni mahali pa kujitetea badala ya kusaidia.

Yasome maneno haya, ambayo kwa namna moja au nyingine kila mtu amewahi kuyasikia:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, shule yetu inakabiliwa na changamoto mbalimbali zikiwemo uhaba wa matundu ya vyoo, nyumba za walimu, maabara, uzio, maji na vitabu. Tunaiomba serikali na wadau mbalimbali watusaidie kuzitatua."

Hakuna uongo hapo, lakini mgeni hana pa kushika. Matundu mangapi? Lipi lianze? Wadau gani? Jibu pekee analoweza kutoa kwa haki ni "tumesikia, tutalifanyia kazi". Sasa tuseme kamati imekaa, imehesabu, imechagua jambo moja la kwanza. Kifungu kingeweza kusomeka hivi:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, shule yetu ina wasichana 320 na matundu 6 tu ya vyoo vyao. Kiwango kinachotakiwa ni tundu 1 kwa wasichana 20, hivyo tunahitaji matundu 16 na tumepungukiwa 10. Wazazi wamekwishachimba shimo, wamesomba mawe na mchanga, na wamechanga shilingi milioni mbili na laki nne zilizolipia tofali na fundi wa msingi. Kilichobaki ni saruji mifuko 90, nondo na mabati 24. Tunakuomba utushike mkono kwenye saruji na mabati, ili wasichana watakaofungua shule Januari wavikute vyoo vimekamilika."

Takwimu za mfano huu ni za kubuni, ila kile kiwango cha tundu 1 kwa wasichana 20 ndicho kinachotumika katika shule za Tanzania, na kwa wavulana ni tundu 1 kwa 25. Kukitaja kunaondoa ubishi: hamlalamiki, mnaonyesha pengo kati ya kilichopo na kinachotakiwa. Michango ya wazazi ikitangulia kutajwa, mgeni anajua haombwi kuanza kazi, anaombwa kuimalizia. Idadi ya mifuko inampa uwezo wa kusema hapo hapo, "Arobaini ninaibeba mimi," na mara nyingi akishasema hivyo wengine wa meza kuu huona aibu kukaa kimya. Nayo Januari inaweka siku ambayo ahadi itaangaliwa.

Jambo jingine ni kumwomba mtu kitu kilicho mikononi mwake. Hapa wananchi wengi hupoteza risala yao bila kujua. Barabara ya kuingia kijijini iko chini ya TARURA, barabara kuu iko chini ya TANROADS, na mradi wa maji wa kijiji uko chini ya RUWASA. Mbunge ana Mfuko wa Jimbo, ambao huingia kwenye miradi midogo iliyoanzishwa na wananchi wenyewe, kwa hiyo msingi mliokwisha kuujenga una thamani kubwa mbele yake. Kikundi cha akina mama, vijana au watu wenye ulemavu kinachotaka mtaji kiitaje wazi mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, na kieleze kimesajiliwa lini na maombi yake yamefikia hatua gani. Kenya hesabu ni tofauti. Tangu Katiba ya 2010, zahanati na shule za chekechea ni kazi ya serikali ya kaunti, hivyo risala ya kuyaomba hayo imwelekee gavana au mwakilishi wa wadi. Lakini maabara ya shule ya upili ni jambo la serikali kuu, na mbunge, kupitia mfuko wa maendeleo wa eneo bunge (NG-CDF), ndiye mtu wa kuombwa. Ukimwomba gavana maabara, atakujibu kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo mtakayorudi nayo nyumbani.

Mkiwa na mahitaji sita, chagueni mawili au matatu. Najua uchungu wa kuacha mengine, hasa kamati inapokuwa na watu wa vitongoji tofauti na kila mmoja ana kisima chake cha kutetea. Hayo mengine yaandikeni kwenye kiambatisho kitakachokabidhiwa pamoja na risala, na msomaji aseme kwa sentensi moja kwamba kipo.

Mafanikio yasiachwe. Yaandikwe kwa namna itakayolipa ombi nguvu: ufaulu umepanda kiasi gani, kikundi kimerejesha mikopo mingapi bila kuchelewa, wazazi walichangia nini. Mgeni anayeona kundi linatunza kilichopo hapati shida kuliongezea.

Itifaki bila kuzama

Salamu ndefu zinatokana na heshima, wala heshima si ya kudharauliwa. Ila kumtaja kila aliyeketi meza kuu ni kazi ya mshereheshaji, ambaye kwa kawaida amekwishaimaliza kabla ya risala. Anza na mgeni rasmi kwa cheo chake kamili, ongeza mwenyeji wake na wawili watatu kwa ukubwa wa vyeo, kisha "itifaki imezingatiwa" ifunge mlango.

Vyeo ndipo pa kuwa makini. Mbunge, diwani, waziri, mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya ni Waheshimiwa. Mtendaji wa kata au afisa elimu hutajwa kwa Ndugu au kwa cheo chake. Meya ni Mstahiki, askofu wa Katoliki ni Mhashamu, kardinali ni Mwadhama. Unguja na Pemba usimsahau sheha, maana shehia ni yake. Bara, kiongozi wa shule ya msingi ni mwalimu mkuu na wa sekondari ni mkuu wa shule, wakati Kenya mwalimu mkuu hutumika kote kote. Jina la mgeni lithibitishwe na ofisi yake siku moja kabla, kwa sababu wageni hubadilika: aliyealikwa ni waziri, aliyekuja ni katibu tawala wa wilaya kwa niaba yake. Ikitokea hivyo, risala hubaki imemwelekea mwalikwa, na msomaji humtaja mwakilishi kwenye salamu kwamba anaipokea kwa niaba.

Nakala ya risala ifike ofisini kwa mgeni siku kadhaa kabla. Wako wanaoona kufanya hivyo ni kuharibu utamu wa siku yenyewe. Mimi naona kinyume. Mgeni aliyeisoma mapema hupata nafasi ya kumuuliza mhandisi wa wilaya, kupiga simu TARURA, kuangalia kilichobaki kwenye mfuko, na kuja na jibu. Anayeisikia kwa mara ya kwanza jukwaani hawezi kuahidi chochote cha maana, na akiahidi, ahadi hiyo haina hesabu nyuma yake.

Kuisoma

Msomaji achaguliwe kwa sauti na utulivu. Cheo hakisomi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayetamka maneno vizuri anafaa kuliko mwenyekiti wa kamati anayekwama kwenye kila aya.

Urefu uwe dakika tano au sita. Kwa mwendo wa kusoma kwa utulivu, maneno 500 huchukua dakika nne hadi tano, kwa hiyo kurasa mbili zilizochapwa kwa herufi kubwa kidogo zinatosha. Chapa upande mmoja wa karatasi, weka namba za kurasa, na usiruhusu sentensi ianzie ukurasa mmoja na kuishia mwingine, kwa sababu upepo wa uwanjani na mikono inayotetemeka havitamsubiri msomaji afunue.

Tarakimu huwaangusha wasomaji wengi. Nakala ya kukabidhi iwe na 12,750,000, lakini nakala ya msomaji iandikwe kama itakavyotamkwa: milioni kumi na mbili, laki saba na elfu hamsini. Fanya vivyo hivyo na miaka na vifupisho. Kisha asome kwa sauti mbele ya watu wawili, mara kadhaa, akiwa amesimama. Penye ombi apunguze mwendo, anyanyue macho amwangalie mgeni, amalize ombi, anyamaze kidogo kabla ya kuendelea. Wasomaji wengi huongeza kasi hapo kwa haya ya kuomba. Wafundishwe kwamba sentensi hiyo ndiyo iliyowasimamisha jukwaani.

Akimaliza, aikunje? La. Aende nayo meza kuu, aikabidhi kwa mikono miwili, arudi mahali pake. Nakala iliyokabidhiwa iwe safi, isiyo na alama za kalamu za mazoezi, ikiwa na sahihi, tarehe, na namba ya simu ya katibu wa kundi.

Baada ya makofi

Mgeni akianza hotuba, katibu wa kamati awe amekaa na kalamu. Kila jibu liandikwe kwa maneno yaliyotumika: nani aliahidi, kitu gani, kiasi gani, lini. "Nitalifuatilia" iandikwe hivyo hivyo, isigeuzwe kuwa "ameahidi". Yaingizwe kwenye kumbukumbu za kikao kinachofuata.

Ndani ya wiki moja ipelekwe barua ya shukrani. Iwe fupi: tunashukuru kwa kufika tarehe fulani, tunashukuru kwa ahadi ya saruji mifuko 40, fundi amesema ataanza tarehe fulani, nakala ya risala imeambatishwa. Nakala ya barua hiyo ipelekwe kwa ofisa atakayelitekeleza jambo lenyewe, kwa kuwa mara nyingi mgeni aliahidi kwa moyo mweupe lakini anayetoa saruji stoo hakuwepo uwanjani. Baada ya mwezi, watu wawili wa kamati waende ofisini wakiwa na barua hiyo mkononi, waulize imefikia wapi. Mifuko ikipokelewa, isainiwe, ihesabiwe mbele ya wazazi, na idadi yake iwekwe kwenye faili la risala ya mwaka ujao, chini ya mafanikio.